Maziwa ku Butembo na Beni: kabla ya kununua ngombe ya kigeni, njia ya maziwa ipangwe kwanza

*Wafugaji wengi wa Kivu Kaskazini wanatazama Uganda na Kenya na kutamani ngombe kubwa zenye kutoa lita 20 kwa siku. Lakini ukifuata namna inchi hizo zilifika pale zilipo, utaona kwamba ngombe peke yake haikutosha. Uchambuzi.*

Ingia duka yoyote ya Beni-mji ao ya katikati ya Butembo. Utakuta paketi za maziwa kutoka Uganda zimepangwa vizuri, na pembeni yake makopo na vifuko vya unga wa maziwa kutoka Ulaya na kwingineko. Maziwa ya hapa kwetu yanapita njia ingine: mama na bidoni yake kichwani, ao kijana kwenye pikipiki, mlango kwa mlango. Ikifika saa sita ya mchana, ile haikuuzwa inaanza kuganda.

Ni jambo la kushangaza kwa sehemu hii ya inchi. Butembo iko kwenye mita zaidi ya 1,700, kuna baridi, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, majani hayakosi. Nyanda za juu za Lubero ni kati ya pahali pazuri pa kufugia ngombe za maziwa katika Kongo yote. Watu wa kunywa maziwa wako: Butembo ni mji mkubwa wa biashara, na Beni, yenye kuwa kilomita 54 tu kutoka Butembo, imepokea wakimbizi wengi na tangu mwaka 2025 inapokea pia uongozi wa jimbo, kisha Goma kuanguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza wa mwaka huo.

Sasa juu ya nini paketi yenye kuvuka mpaka wa Kasindi inashinda bidoni yenye kutoka Musienene ao Kyondo?

Jibu lenye kusikilika kila siku ni moja: "Wenzetu wako na ngombe za kizungu." Kwa hiyo mwenye kupata makuta kidogo anafikiri kununua ngombe ya Frizoni, ao kutia ngombe yake mbegu ya Frizoni. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya kweli, na nusu hiyo imekwisha kupotezea watu wengi mali yao.

Lita 20 hazitoki kwenye rangi ya ngombe

Ngombe ya Frizoni ni kama mashine kubwa. Ukiipa chakula nyingi, inatoa maziwa mengi. Ukiipa chakula ya ngombe ya kienyeji, inatoa maziwa ya ngombe ya kienyeji, kisha inakonda, inakosa mimba, na mwisho inakufa.

Hesabu yake ni hii. Ngombe ya maziwa yenye uzito wa kilo 400 inaomba karibu kilo 70 za majani mabichi kwa siku, kama ni mabingobingo. Ngombe kubwa yenye kukamuliwa sana inakunywa lita 60 za maji, na siku ya joto inazidi pale. Inaomba kupulizwa dawa ya kupe mara kwa mara, maana ngombe ya kigeni haina nguvu ya kupigana na homa ya kupe, ile waganga wa mifugo wanaita teileriozi. Ngombe zetu za Ankole zimezaliwa katikati ya kupe na zinavumilia zaidi. Frizoni inaweza kufa katika wiki mbili ao tatu.

Tuchukue mfano. Jamaa moja ya karibu na Musienene iko na ngombe mbili. Inaziuza inunue Frizoni moja. Shamba la majani halijapandwa, maji ni ya kuchota mtoni kwa bidoni za lita 20, na veterineri yuko mbali. Miezi ya kwanza maziwa yanatoka, kila mtu anafurahi. Kisha kiangazi kidogo kinafika, majani yanakauka, mtoto wa shule ndiye mwenye kutumwa kutafuta chakula ya ngombe. Maziwa yanashuka. Jamaa hiyo inabaki na ngombe moja ya bei kali yenye kutoa sawasawa na zile mbili za kwanza.

Na tuseme hata kama ngombe hiyo inakula vizuri na kutoa lita 15. Lita nane za asubuhi zinauzwa. Lita saba za jioni zinakwenda wapi? Usiku hakuna mnunuzi, hakuna frigo. Asubuhi yamekwisha kuharibika ao yanauzwa kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo shida kubwa inajificha: mfugaji anaongeza maziwa, lakini makuta haiongezeki, juu ya kuwa hakuna njia ya kupitisha maziwa hayo.

Kenya: walianguka kwanza, kisha wakasimama

Kenya inapenda kutajwa kama mfano, na ni kweli. Lakini safari yake ilikuwa ndefu. Chama kikubwa cha maziwa, KCC, kiliundwa mwaka 1925 na walowezi wazungu kwa faida yao. Wafrika walianza kupewa nafasi ya kweli ya kufuga ngombe za maziwa za kizungu kisha mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kufugia ngombe zizini, kwa kuikatia majani na kuiletea, kulienezwa sana kuanzia mwaka 1980 kwa mradi wa serikali ya Kenya pamoja na Uholanzi, kwa sababu mashamba ya watu yalikuwa yamekuwa madogo. Hali hiyo ya mashamba madogo, mtu wa Butembo anaijua vizuri.

Kisha mambo yakaharibika. Serikali ilifungua biashara ya maziwa mwaka 1992, na KCC, yenye kuwa imejaa siasa na uongozi mbaya, ikaanza kuchelewesha malipo. Wafugaji walipeleka maziwa na kukaa miezi bila kulipwa. Wengi waliacha kulisha ngombe vizuri. Ngombe zilikuwa zile zile, majani yale yale, lakini maziwa yakapungua juu ya kuwa malipo hayakuja. Serikali ilirudisha chama hicho mwaka 2003 kwa jina la New KCC.

Wakati huo huo wafugaji wa Githunguri, katika Kiambu, walichukua njia yao. Koperative yao ilianza mwaka 1961 na watu 31 tu. Miaka mingi walikusanya maziwa na kupelekea wengine. Mwaka 2004 walifungua kiwanda chao wenyewe, na leo maziwa yao yanauzwa kila pahali katika Nairobi. Angalia hesabu ya miaka: kutoka watu 31 mpaka kiwanda, miaka 43. Hawakuanza na kiwanda. Walianza na kukusanya, kupima na kulipa.

Kuna somo lingine la Kenya lenye kufaa sana hapa kwetu, na halisemwi mara nyingi. Sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya haipiti kiwandani. Inauzwa mabichi na wachuuzi wadogo. Kwa miaka serikali iliwafukuza wachuuzi hao kama wezi, ikamwaga maziwa yao. Kuelekea mwaka 2004 siasa ikabadilika: utafiti ulionyesha kwamba wachuuzi hao ndio wenye kubeba soko ya masikini, na kwamba afadhali kuwafundisha. Wakapewa mafunzo ya usafi, wakafundishwa kupima maziwa na kutumia vyombo vya chuma vyenye kufunikwa, na waliofaulu wakapewa ruhusa ya kazi.

Mama wa bidoni wa Butembo ni mchuuzi wa namna hiyo. Leo anachukuliwa kama mtu wa kulipisha takse tu. Bidoni yake ya plastiki, yenye shingo nyembamba, haiwezi kuoshwa ndani vizuri, na uchafu wenye kubaki ndio wenye kuharibisha maziwa ya kesho. Kumfundisha na kumsaidia apate chombo cha aluminium kungeleta maziwa mazuri mjini haraka kuliko kuleta ngombe 100 kutoka ngambo.

Uganda: jirani mwenye kuuza

Uganda iko karibu zaidi. Mtu wa Kasindi anaweza kuona kwa macho yake lori za maziwa zikivuka Mpondwe. Lakini Uganda pia haikuzaliwa hivyo. Tangu mwaka 1967 kulikuwa shirika moja la serikali lenye kushika maziwa yote. Vita na fujo za miaka ya 1970 na 1980 ziliharibu ngombe na viwanda. Ukweli huo unafaa kukumbukwa na wenye kusema kwamba Kivu imekwisha kabisa juu ya vita: upande wa magharibi ya Uganda, wenye kuuza maziwa leo, nao ulitoka katika uharibifu.

Ni nini kilifanyika? Mambo matatu, moja kisha lingine. La kwanza, serikali iliacha kushika biashara peke yake katika miaka ya 1990. La pili, sheria ya maziwa ya mwaka 1998 iliunda mamlaka ya kusimamia, ile iliitwa Dairy Development Authority. Kazi yake haikuwa kununua maziwa. Ilikuwa kupima, kuandikisha wanunuzi na viwanda, kufundisha, na kukataza maziwa yenye kuongezwa maji ao dawa. La tatu, vituo vya kukusanya maziwa vilijengwa huko Mbarara, Kiruhura na kwingine, vyenye matangi ya kupoza. Wafugaji wakaungana katika koperative, na viwanda vya watu binafsi vikafuata kule maziwa baridi yalikuwa yanapatikana.

Fuata mstari huo: sheria, kipimo, baridi, koperative, kisha kiwanda. Pale mfugaji alipojua kwamba maziwa yake ya jioni yatapokewa na kulipwa, akaanza mwenyewe kutafuta mbegu nzuri na kupanda majani. Hakulazimishwa.

Jambo lingine dogo la Uganda linaweza kuanza hapa hata kesho. Katika sehemu ya kusini-magharibi, shule nyingi ziliingia katika mpango ambamo wazazi wenyewe wanachanga kwa ajili ya maziwa kwenye uji wa watoto. Mfugaji anapata mnunuzi wa kila siku, mtoto anapata kikombe. Butembo ni mji wa shule. Shule 10 zenye kununua lita 40 kila moja ni lita 400 kwa siku zenye mnunuzi wa hakika, bila kungoja mradi wa mtu yeyote.

Lakini Uganda pia iko na mapungufu ya kuepuka. Wafugaji wengi walipuliza dawa ya kupe bila mpango, wakichanganya aina mbalimbali ao kupunguza kipimo kusudi dawa ifike mbali. Matokeo: kupe wamezoea dawa, hawafi tena. Na mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa miguu na midomo ulitapakaa katika wilaya nyingi za Uganda, serikali ikafunga masoko ya ngombe. Mwenye kununua ngombe kule kwa haraka na kuivusha usiku kwa njia ya kando, akikwepa ofisi ya karantini ya mifugo ku Kasindi, anaweza kuleta ugonjwa kwa kijiji kizima.

Rwanda: somo moja, hata kama jina linauma

Kusema Rwanda leo ku Butembo ao Beni kunaleta hasira, na watu wako na sababu yao: vita imefika mpaka kusini ya Lubero. Lakini mfugaji anaweza kusoma kazi ya jirani bila kukubali siasa yake. Mpango wa Girinka, wenye kuanza mwaka 2006, unapatia jamaa masikini ngombe moja. Mtoto wa kwanza wa kike anapewa jirani mwingine. Wazo hilo halikuzaliwa kule. Mashirika ya kimataifa yalilitumia mbele, na hata hapa Kivu kuna vikundi vyenye kuzungusha mbuzi na nguruwe kwa namna hiyo hiyo.

Kinachofaa kuchukuliwa ni masharti yake: mwenye kupewa awe na zizi na shamba dogo la majani. Kwa wakimbizi wenye kukaa ku Beni na Oicha bila shamba, kupewa ngombe kubwa ni kupewa mzigo. Kwao mbuzi ao kuku ndiyo mwanzo mzuri zaidi.

India na unga wa maziwa wa bure

Tutoke Afrika kidogo, kwa sababu kuna mfano mmoja wenye kufundisha juu ya unga wa maziwa wenye kujaa kwenye maduka yetu.

Mwaka 1946, huko Anand katika India, wafugaji wadogo walichoka na mnunuzi mmoja mwenye kuwapa bei aliyotaka. Wakaunda koperative. Katika vijiji walipanga kituo kidogo: asubuhi na jioni kila mtu analeta maziwa yake, hata lita moja, yanapimwa uzito na mafuta, na analipwa haraka. Mwaka 1970, chini ya uongozi wa Verghese Kurien, serikali ya India ilianzisha mpango mkubwa wenye kuitwa Operation Flood. Ulaya ilikuwa na unga wa maziwa mwingi kupita kiasi na ilikuwa tayari kuutoa zawadi. India haikuugawa bure. Iliuchanganya na maji, ikauuza mijini kwa bei ya soko, na makuta yake ikajenga koperative, matangi na viwanda vya wafugaji wake. Tangu mwaka 1998 India ndiyo ya kwanza duniani kwa maziwa, na wengi wa wafugaji wake wako na ngombe ao nyati chache tu.

Ulaya nayo ilikuwa na sheria ya kupunguza maziwa ya wafugaji wake tangu mwaka 1984. Sheria hiyo ilikwisha tarehe 31 Machi 2015. Tangu pale viwanda vyake vinatafuta soko zaidi, na Afrika ni moja kati ya masoko hayo. Sehemu ya unga wenye kufika kwetu hata si maziwa kamili: mafuta ya maziwa yametolewa na kuuzwa kama siagi, pahali pake pakatiwa mafuta ya mawese ao mafuta mengine ya mimea. Si sumu, na kwa mama mwenye kipato kidogo kifuko hicho ni msaada. Lakini mnunuzi anapaswa kusoma maandishi ya nyuma ya kopo, na mfugaji anapaswa kujua kwamba anashindana na bidhaa yenye kutengenezwa na mabaki ya viwanda vikubwa.

Kenya, Uganda na Tanzania zilijilinda: tangu mwaka 2005 maziwa yenye kutoka inje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanalipishwa duwane ya asilimia 60. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo kwa kutia sahihi tarehe 8 Aprili 2022, na ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huo. Hapa kuna mambo mawili ya kupima. Duwane kubwa juu ya unga wa Ulaya ingesaidia mfugaji wa Lubero. Lakini mlango wenye kufunguka kati ya wanachama unaleta pia maziwa ya Uganda kwa bei nafuu zaidi, na barabara ya Kasindi–Beni–Butembo, yenye kutengenezwa kwa makubaliano ya Kinshasa na Kampala, itafupisha safari yake. Duwane ikipanda kabla ya maziwa ya hapa kupangwa, atakayefaidika kwanza ni kiwanda cha Mbarara, na mama wa Beni atalipa zaidi.

Hata wenyewe kwa wenyewe wanachama wanagombana. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Kenya ilikamata maziwa ya Uganda. Machi 2023 ikasimamisha kuingiza unga wa maziwa. Hakuna inchi yenye kuacha wafugaji wake peke yao sokoni. Ndiyo sababu wafugaji wa Kivu wanapaswa kuwa na sauti pale Kinshasa inapozungumza duwane.

Kitu chenye hakiwezi kuigwa moja kwa moja

Mfugaji wa Kiambu ao wa Mbarara analala. Wa hapa halali. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa na ADF. Mauaji yalifika mpaka Lubero. Upande wa kusini, M23 imeshika sehemu za Lubero tangu 2024. Mashamba mengi ya majani yameachwa, na ngombe kwenye malisho ya mbali ni mali yenye kuibiwa ao kulipishwa na wenye silaha.

Kwa hiyo kufugia zizini karibu na nyumba, ngombe chache, iko na faida mbili hapa: inaokoa shamba, na inapunguza hatari. Mfugaji mwenye ngombe mbili karibu na Butembo anaweza kuziona. Mwenye 60 kwenye kilima cha mbali anatumikia wengine. Lakini pia, mwenye kutia mali yake yote katika ngombe moja ya bei kali anaweza kuipoteza usiku mmoja, maana ngombe nzito haikimbii na watu. Ngombe ya damu mchanganyiko, Ankole na Frizoni ao Ankole na Jersey, inatoa maziwa ya kutosha, inakula kidogo zaidi, inavumilia kupe na joto, na ikipotea hasara ni ndogo.

Beni na Butembo nazo si sawa. Beni iko chini, mita zisizofika 1,300, na kuelekea Semuliki joto linazidi. Frizoni safi inateseka pale. Ikihema kwa joto inaacha kula. Beni iko na kitu kingine: mawese. Mashudu yenye kubaki kisha kukamua mafuta ya mbegu za mawese ni chakula nzuri ya ngombe, sawa na pumba za mahindi na mikunde ya soya. Butembo iko na majani na baridi. Miji miwili hii ingeweza kubadilishana: mashudu yapande, maziwa yashuke.

Sheria iko, utekelezaji ndio unakosa

Kongo haikosi maandishi. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inaondoa kodi za kuingiza inchini juu ya vitu vya kazi ya kilimo na ufugaji, na inataja mfuko wa taifa wa kusaidia kilimo. Serikali za Afrika ziliahidi huko Maputo, mwaka 2003, kutoa asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Mfugaji wa Lubero mwenye kulipa takse barabarani kwa kila bidoni ana haki ya kuuliza ahadi hizo zinaishia wapi. Akiuliza peke yake, hatajibiwa. Wakiuliza 300 kwa jina la koperative ao la umoja kama SYDIP, wakiwa na karatasi ya sheria mkononi, itakuwa vigumu kuwanyamazisha. Na kwa vile uongozi wa jimbo sasa uko Beni, mlango wa kugonga uko karibu kuliko zamani.

Wenye elimu wako pia. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, ku Butembo, kinafundisha waganga wa mifugo. ITAV inatoa mafundi wa kilimo na mifugo. Vijana wengi wenye diploma hizo wanatafuta kazi, huku ngombe za karibu yao zinakufa na homa ya kupe.

Ni nini kinaweza kuanza bila kungoja

Ukikusanya masomo hayo yote, mpangilio wake unakuwa huu, na ngombe ya kigeni inafika mwisho:

- Majani kwanza. Kupanda mabingobingo kwenye mipaka ya shamba na kwenye miteremko, ambako yanazuia pia mmomonyoko. Kuongeza miti ya kaliandra na majani ya viazi vitamu. Kuhesabu kilo 70 kwa siku kabla ya kuleta ngombe kubwa.
- Kupe. Kijiji kipulize siku moja, kwa dawa moja, kwa kipimo chenye kuandikwa, kwa ushauri wa veterineri. Mmoja akipuliza na jirani hapana, kupe wanarudi.
- Usafi. Chombo cha chuma chenye mdomo mpana, kiwele kioshwe kwa maji ya uvuguvugu, maziwa ya ngombe mgonjwa ao yenye dawa yasichanganywe. Nyumbani, maziwa mabichi yachemshwe kila mara. Bruseloze na kifua kikuu vinaweza kupita ndani yake.
- Kituo cha kukusanya. Si kiwanda. Chumba kimoja safi, mizani, kipimo cha maji ndani ya maziwa, alikoli ya kupimia, daftari, na tangi ndogo ya kupoza pale umeme unafika. Pasipo umeme, maziwa ya jioni yageuzwe jibini. Masisi imefanya hivyo kwa miaka mingi, na jibini yake ilifika mpaka Kinshasa.
- Malipo. Siku ya kulipa ijulikane na iheshimiwe. Koperative yenye kuchelewesha malipo inakufa, sawa KCC ilivyokufa.
- Wanunuzi wa hakika. Shule, hospitali, hoteli, hata kwa lita 20 kila mmoja.
- Kisha mbegu. Kutia mbegu ngombe zilizopo, kuanzia zile nzuri, na kuandika ni dume gani, kusudi baba asirudie kwa binti yake.

Hakuna kati ya hayo chenye kuomba makuta ya Kampala ao Brussels. Vingi vinaomba watu 30 wenye kuaminiana na daftari moja yenye kusomwa mbele ya wote.

Hapo pia ndipo ugumu ulipo. Ku Butembo watu wanajulikana kwa biashara ya mtu binafsi: kila mmoja na duka yake, kila mmoja na lori yake. Koperative nyingi zilianza na kufa juu ya makuta iliyopotea kwa mikono ya wachache, na wafugaji hawajasahau. Githunguri walianza na watu 31. Wafugaji wa Musienene, Kyondo, Masereka na wa pembeni ya Beni wanaweza kuanza na wachache kuliko pale, mradi kila Jumamosi mtu aone jina lake, lita zake na makuta yake.

Siku kituo cha kwanza kitapokea maziwa ya jioni bila kuyamwaga, mfugaji atakuwa na sababu ya kufikiri ngombe kubwa zaidi. Kabla ya siku hiyo, aweke makuta yake kwenye majani, dawa ya kupe na chombo kisafi.